Bibi Hajamaliza Kusema

Chapchap alipanda ngazi za jengo la vifaa vya umeme mbili mbili, helmeti mkononi, sanduku la vifurushi bado liko mgongoni, na ndani ya mfuko wa plastiki padi ya gemu aliyoishika kama anampeleka mwizi kituoni. Ilikuwa saa sita mchana na ghorofa ya pili inavuma. Vibanda arobaini vimebanana kwenye ujia mmoja. Huyu anajaribu spika, yule anapuliza vumbi kwenye kompyuta, wa tatu anaapa mbele ya mteja kwamba chaja ni mpya kabisa, na juu ya yote umetanda moshi mwembamba wa nyaya zinazochomelewa.

"Fundi wa padi yuko wapi?" aliuliza kibanda cha kwanza, hata hajasimama vizuri.

"Mwisho kabisa, kulia. Lakini kaka, yule dada ukifika..."

Chapchap alishaondoka. Ndivyo alivyokuwa, tufanyeje? Miaka ishirini na tisa, kazi yake kupeleka vifurushi kwa pikipiki, na jina lake la kitambulisho lilijulikana na watu wawili tu: mama yake mzazi na askari wa barabarani. Alikuwa mtu wa kumaliza chai kabla sukari haijayeyuka. Ukimwambia "ngoja nikueleze", anakujibu "nimeelewa". Watu hawa mnawajua, kila familia ina wake.

Kibanda cha mwisho alikaa binti wa makamo yake, aproni ya buluu yenye mifuko mingi na kila mfuko una bisibisi yake, kilemba cha njano kimefungwa vizuri, miwani ya kukuzia vitu imepandishwa kwenye paji la uso. Mbele yake padi tatu zilikuwa zimefunguliwa matumbo. Vidole vyake vilikuwa vinaokota skrubu ndogo kuliko punje ya mchele bila kukosea hata mara moja, na Chapchap, pamoja na haraka zake zote, alijikuta anavitazama.

"Dada, habari za kazi. Padi hii mbovu. Nimekwama kwenye misheni moja wiki tatu, wiki tatu nzima! Ni kitufe cha kuongelea, najua tu ni kitufe. Unaweza kunitengenezea sasa hivi? Nina vifurushi vinne kabla ya saa nane."

Binti alimtazama. Akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

"Saa tisa? Haya, saa tisa," alijijibu Chapchap. "Au kesho? Kesho asubuhi basi, sawa."

Binti akatikisa kichwa, akamnyang'anya mfuko, akaifungua padi. Aliipima kitufe kwa kitufe, waya kwa waya, huku mteja wake anahama mguu huu na mguu ule. Kisha akaifunga, akaiweka mezani.

"N..." Taya zake zikakaza. Macho yakafumba kidogo. Ilipita pumzi moja, mbili, tatu. "Nzima."

"Nzima? Haiwezekani!"

"Kibovu ni..." Neno likakwama tena.

"Ni betri!" alidakia Chapchap.

Binti akatikisa kichwa.

"Ni gemu yenyewe! Nilijua."

Akatikisa tena, na safari hii midomo yake ilikuwa imeanza kucheka kabla ya neno kufika.

"Ni m-mchezaji."

Jirani yake, mama mnene muuza spika, alicheka mpaka akashika meza. Mji mzima ulikuwa haujawahi kumsimamisha Chapchap, hata taa nyekundu zilikuwa zinambembeleza, na sasa amesimamishwa na neno moja lililochukua muda mrefu kufika. Akacheka na yeye. Halafu akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya saa za kazi: akavuta kigoda, akakaa.

"Haya Fundi, kama mbovu ni mimi, nitengeneze," alisema.

Akamweleza. Kwenye gemu ile kuna nchi kubwa sana, na katikati ya nchi kuna ziwa lililokauka. Ukingoni mwa ziwa, juu ya kiti cha jiwe, ameketi bibi mmoja. Ukimkaribia anasema, "Mgeni, keti. Nikusimulie ziwa lilikwenda wapi." Basi. Hasemi tena. Na misheni imeandikwa waziwazi: mpate bibi akusimulie.

"Nimempelekea maji. Nimempelekea kuni, samaki, blanketi. Nimemzunguka mara saba. Samahani kwa kusema, nimempiga hata kwa fimbo. Anarudia lile lile: mgeni, keti. Nimeuliza kwenye mtandao. Mmoja kaniambia nimpe maziwa ya mbuzi mweupe, nikamtafuta huyo mbuzi siku mbili! Mwingine kaniambia niende kwake kinyumenyume. Nimekwenda kinyumenyume, Fundi, nikaanguka kwenye shimo nikafa."

Fundi alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa kona ya aproni. Kisha akachukua kalamu, akaandika namba yake ya simu kwenye kipande cha boksi, na chini yake: *Ujumbe tu. Usipige.*

*

Alipiga, bila shaka. Alipiga siku ile ile, na kesho yake, na haikupokelewa hata moja. Akarudi na padi ya rafiki yake, ambayo ilikuwa nzima. Akaja na rimoti ya mama yake, nzima pia. Safari ya tano alikuja na feni.

"Hii inazunguka," alisema Fundi.

"Inazunguka lakini haina furaha," alijibu Chapchap. "Kama mimi."

"Jamani!" alipiga kelele muuza spika. "Fundi, mwambie akuoe apunguze kubeba mizigo!"

Usiku huo huo Chapchap alimtania kwa ujumbe: *Wewe ni fundi wa vitu vya umeme halafu unaogopa simu?*

Jibu lilikuja refu. *Simu haina uso. Wewe ukiwa mbele yangu unaona kwamba bado naongea. Kwenye simu watu wanasikia kimya, wanadhani nimemaliza au nimekatika. Tangu shule watu wananimalizia sentensi. Wananimalizia vibaya, na mimi nikichoka naitikia tu. Wakati mwingine naona nusu ya maisha yangu nimeyaishi ndani ya maneno ya watu wengine.*

Fundi alikuwa hajawahi kumwandikia mtu maneno yale.

Chapchap aliyasoma akiwa anafunga kamba za viatu. Akatuma vikaragosi viwili vya kucheka na moyo mmoja, akaandika: *Pole mpenzi. Jumapili njoo umwone bibi yangu wa ziwani.* Hakuwa na ubaya, msije mkamchukia. Aliyasoma yote. Aliyasoma tu kwa mwendo wake.

*

Jumapili Fundi alikuja amevaa gauni la kijani lenye mikono mirefu, viatu vya ngozi vilivyosuguliwa, na nywele ambazo Chapchap hakuwahi kuziona kwa sababu ya kilemba, zimesukwa zikaangukia mabegani. Chapchap alifungua mlango, akasimama pale pale mlangoni. Mama yake ndiye aliyemwondoa njiani kwa kiwiko.

"Karibu mwanangu, karibu ndani. Huyu akishangaa anaziba mlango."

Mama huyo alikuwa amestaafu. Miaka thelathini na moja alikaa mbele ya ubao wa simu wa hospitali kuu, vipokea sauti vya masikioni kichwani, anaunganisha watu: daktari na nyumbani kwake, mgonjwa na watoto wake, wakati mwingine habari njema, mara nyingi mbaya. Hadi leo akizungumza nawe huinamisha kichwa upande mmoja, sikio la kulia mbele.

"Unaitwaje, mama?" alimuuliza mgeni.

Jina la Fundi lilikuwa ndilo neno gumu kuliko yote. Likakwama kwenye herufi ya kwanza. Chapchap akafungua mdomo kumsaidia, na mama, bila kumtazama, akamkanyaga mguu. Wakasubiri. Jina likatoka, zima, la mwenyewe.

"Jina zuri," alisema mama, akaenda zake jikoni kana kwamba hakuna lililotokea. Fundi alimfuata kwa macho mpaka mlangoni.

Gemu ikawashwa. Nchi ile kubwa ikafunguka kwenye kioo, vilima na nyasi na upepo, na kweli ukingoni mwa bonde la udongo uliopasuka alikuwa ameketi bibi, shali jeusi mabegani, mlima mweusi nyuma yake.

"Mgeni, keti," alisema bibi. "Nikusimulie ziwa lilikwenda wapi."

"Unaona?" Chapchap alibonyeza.

"Mgeni, keti. Nikusimulie..."

"Unaona sasa? Ananizungusha!" Akabonyeza tena.

Fundi alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Hakuwa anatazama ziwa. Alikuwa anatazama mabega ya bibi. Yalikuwa yamepanda, kidogo sana, na midomo ilikuwa imeachana.

"Weka chini," alisema.

"Niweke nini?"

"Pa... padi. Mezani. Usiguse."

"Kwa nini?"

"Hajamaliza." Akameza mate. "Amevuta pumzi. Kila uki... ukibonyeza, unamkata. Anaanza upya. Mimi namjua m-mtu huyu."

Chapchap akaiweka padi mezani. Dakika ya kwanza aliikaa vizuri. Ya pili goti lilianza kucheza. Ya tano alisema, "Fundi, amekufa huyu," na Fundi akamwekea mkono juu ya goti, likatulia. Dakika ya kumi jua la kwenye gemu likaanza kushuka, kitu ambacho Chapchap, katika wiki zote za kukimbia nchi nzima, hakuwahi kukiona, maana hakuwahi kukaa. Vivuli vikarefuka juu ya udongo. Panzi wakaanza kulia. Alijikuta anasikia kila mmoja wao.

Mama akaja na chai. "Mnaangalia picha?"

"Tunamsubiri bibi aongee, mama."

"Ahaa," alisema mama, akavuta kiti.

Dakika ya ishirini na sita bibi alishusha pumzi.

"Ziwa," alisema, "halikukauka."

Chapchap aliruka kwenye kiti! Mkono ulikwenda wenyewe kwenye padi, na wanawake wawili wakaukamata kwa pamoja. Mahali fulani chini ya udongo, tone moja la maji lilidondoka. Walilisikia wote watatu. Kisha kimya tena, lakini safari hii hakuna aliyeuliza kitu. Giza la kwenye kioo lilikuwa limeingia na chai ilikuwa imepoa.

"Lilinyamaza," alisema bibi baada ya dakika kumi na nne. "Kila aliyekuja alikuja na swali lake, akaondoka na jibu lake mwenyewe. Wewe umeketi. Basi tazama."

Na maji yakaja. Yalikuja kutoka kwenye nyufa, taratibu, yanang'aa, yakajaza nyayo zote ambazo Chapchap aliziacha pale kwa wiki zote za kuzunguka. Yakapanda mpaka ukingoni. Ndani yake zilionekana nyota, na si zile za juu. Ziwa lilikuwa na anga lake, na samaki wakubwa waliogelea katikati ya nyota hizo wakizisukuma kwa mapua. Ndege wakashuka kwa maelfu. Halafu bibi akasimama. Akasimama, akaendelea kusimama, kichwa kikapita juu ya kioo, na ndipo walipoona kwamba ule mlima mweusi nyuma yake haukuwa mlima. Ulikuwa pindo la shali lake.

"Ewe Mola wangu," alisema mama, kikombe kimesahaulika hewani.

Chapchap alikuwa analia na hakujua analilia nini. Alijiona mdogo, na kwa mara ya kwanza udogo huo ulikuwa raha. Alipogeuka akamkuta Fundi naye macho yamemjaa, nuru ya ziwa usoni, na hapo akajua, kama mtu anavyojua njia ya kwao, kwamba huyu ndiye.

"Nakupenda," alisema, mbele ya mama yake, bila aibu.

"Na bado ha... hajamaliza," alisema Fundi, anacheka na kulia, akielekeza kidole kwenye kioo. "Tazama mbele."

*

Miezi mitatu walipendana watu wakaona wivu. Chapchap alimletea chai ya saa nne, na Fundi alimtengenezea kioo cha pikipiki, taa ya pikipiki, na mara moja, kwa bisibisi ileile, miwani ya mama. Chapchap akija kibandani alimwita "Fundi wangu" kwa sauti ya kusikika vibanda vyote arobaini.

Ndipo kaka yake Fundi alipopiga simu kutoka mji mwingine, safari ya saa kumi kwa basi. Karakana yake imekua, anafungua ya pili, na anataka dada yake aiongoze: mafundi sita chini yake, vifaa vipya. Alikuwa kaka mwema aliyependa sana kumsemea. Akataka jibu kufikia Ijumaa, na kiti cha basi la Jumamosi asubuhi alishakilipia.

Fundi aliitamani kazi ile. Alimtamani na Chapchap. Siku mbili alilizungusha jambo hilo kichwani kama anatafuta waya uliokatika, mpaka akajua anachotaka, na akajua pia kwamba neno hilo haliwezi kutumwa kwa vidole. Akamtafuta, Chapchap yuko mbio mji mzima. Basi Jumatano, saa tano asubuhi, baada ya kulifanyia mazoezi mbele ya kioo tangu alfajiri, Fundi akapiga moyo konde na kufanya alichokuwa hajamfanyia mtu yeyote asiye ndugu yake. Akapiga simu.

Chapchap alikuwa njia panda, keki ya harusi sandukuni, jua la utosi.

"Fundi wangu! Leo wewe ndiye unapiga? Jua limetokea wapi?"

Kimya.

"Hallo? Hallo! Aa, mtandao huu." Akakata.

Ikaita tena.

"Hallo mpenzi, sikusikii! Unanisikia?" Kimya. Magari nyuma yake yakapiga honi. "Nitakupigia nikimaliza!" Akakata.

Ikaita mara ya tatu, na Chapchap, taa imeshakuwa kijani, akaizima simu na kuitia mfukoni. Keki ilifika salama. Baada ya keki kulikuwa na vifurushi tisa. Alipowasha simu jioni alikuta ujumbe mmoja: *Naondoka Jumamosi kwenda kwa kaka. Asante kwa kila kitu.*

Aliusoma mara nne, safari hii polepole. Kisha hasira ikampanda. Hata kumwambia kwa mdomo? Hata kuuliza yeye anaonaje? Akaandika: *Safari njema.* Akatuma, kabla moyo haujapata nafasi ya kusema lake.

*

Alhamisi mama alimkuta ameketi mbele ya televisheni isiyowashwa.

"Haya, toa," alisema.

Chapchap akatoa yote. Kwamba anaachwa. Kwamba ameachwa kwa ujumbe, kama mteja. Kwamba hata simu alizopiga zilikuwa za mtandao mbovu, ungedhani mbingu yenyewe haitaki.

Mama akainamisha kichwa. "Alipiga? Yule binti alipiga simu?"

"Mara tatu. Laini ilikufa."

"Ilikufaje? Hebu nieleze ulisikia nini."

"Sikusikia kitu, mama. Kimya tu."

"Nisikilize wewe mtoto. Miaka thelathini na moja nimesikiliza kimya cha watu. Laini iliyokufa ni kavu, haina kitu ndani, kama kuweka sikio ukutani. Laini yenye mtu ina pumzi. Nilikuwa siikati hata daktari akinigombeza, kwa sababu yupo mtu pale anatafuta maneno ya kusema baba amefariki. Sasa nijibu. Ile simu ilikuwa kavu, au ilikuwa na pumzi?"

Chapchap akafumba macho. Njia panda ikamrudia, honi, jua, na chini ya honi, karibu kabisa na sikio lake, kitu kidogo kinachopanda na kukwama. Kinapanda na kukwama.

"Ilikuwa na pumzi," alisema.

"Bibi wa kwenye kioo, ambaye hakuzaliwa wala hatakufa, ulimpa dakika arobaini. Mtoto wa watu mwenye damu amekusanya ujasiri wa maisha yake yote, ukamnyima dakika moja."

"Mama, basi."

"Sijamaliza! Mara tatu! Alirudi mara tatu!"

Chapchap akaunyoosha mkono kwenye simu ampigie pale pale. Mama akamzuia. "Uso," alisema. "Mpelekee uso."

*

Ijumaa saa nne Chapchap alipanda ngazi za jengo lile moja moja. Kibanda cha mwisho kilikuwa nusu tupu. Fundi alikuwa anafunga bisibisi zake kwenye kitambaa, moja moja kwa ukubwa, macho yamevimba, na alipomwona akaendelea kufunga.

"Fundi," alisema Chapchap. "Jumatano nilikukatia simu. Nilisikia pumzi yako nikaiita mtandao. Ulishanieleza, uliniandikia kila kitu, na mimi nikacheka nikavaa viatu. Sikuja kukuzuia safari. Nimekuja kusikiliza ulichotaka kuniambia. Halafu ukitaka niondoke, nitaondoka."

Akavuta kigoda, akakaa. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Akaitoa, akaizima, akaiweka mezani. Muuza spika, aliyejifanya anapanga nyaya, akazima muziki wake, na kimya kile kikasambaa kibanda kwa kibanda mpaka mwanzo wa ujia.

Fundi aliweka kitambaa chini. Alikuwa na hasira, na alitaka kumwambia aondoke, na angeweza. Neno "toka" halikuwahi kumsumbua. Alimtazama usoni kutafuta ile haraka, ile midomo inayojiandaa kudakia. Hakuiona.

"Nataka..." alisema.

Taya zikafunga. Shingo ikakaza. Neno lilikuwa limekaa nyuma ya meno na halikutaka kutoka, na ujia mzima ulilijua. *Kubaki*, alisema muuza spika moyoni. *Kubaki*, aliomba fundi wa kompyuta. Chapchap alilitamani neno hilo mpaka likamuuma kifuani, na hakulisema. Alikaa. Aliona jasho dogo juu ya mdomo wake, aliona kope zinavyotetemeka, aliona mtu mzima anavyopigana ndani ya mwili wake mwenyewe kwa ajili ya neno moja, na hakuwahi kuona ushujaa wa namna ile. Alishangaa ni siku ngapi jambo kubwa kiasi hiki lilikuwa linatokea mbele yake, na yeye analikatisha ili awahi kupeleka keki.

"Nataka kwenda," alisema Fundi.

Muuza spika akashika mdomo. Basi, limekwisha. Chapchap alikuwa na jibu tayari ulimini, lile lile la juzi, sawa, safari njema. Miguu ilishaanza kuinuka kwenye kigoda. Lakini macho ya Fundi yalikuwa bado yameng'ang'ania yake, na midomo yake haijafungana.

Akakaa tena.

Sekunde zikapita. Mtu mmoja mwanzo wa ujia akakohoa, akapigwa kiwiko. Hakuna aliyejua ni muda gani ulipita, na mimi sikuhesabu.

"...na wewe," alisema Fundi.

Machozi yakamwagika, lakini sasa maneno yalikuwa yamepata njia na hakuyaachia. "Hi... hilo ndilo nililopigia simu. Nataka kwenda na wewe. Na mama, akitaka. Kule pia watu wanatuma vi-vifurushi."

Chapchap alifungua mdomo. Mtu ambaye miaka yote alikuwa na jibu kabla ya swali, alifungua mdomo, na hakikutoka kitu. Akaufunga. Akaufungua tena. Uso wote ulikuwa umelowa.

"Ndiyo!" alilipuka muuza spika. "Anataka kusema ndiyo, Fundi! Mimi namsemea, ndiyo!"

"Mwache," alisema Fundi, bila kukwama hata kidogo. Akazunguka meza, akavuta kigoda cha pili, akaketi mbele ya mpenzi wake, magoti yamegusana. Akamshika mikono miwili.

"Sema polepole," alimwambia. "Sina safari leo."

Na kibanda cha mwisho, kulia, wakamsubiri.

"Sitakwenda kule kama kifurushi," alisema Chapchap hatimaye, kila neno kwa zamu yake. "Nitakwenda kama mume wako. Kwanza nipeleke kwa kaka yako, nikae, nimsikilize mpaka amalize. Halafu tuoane, tuhamie kule."